Ndege Asiyeliwa: Utangulizi wa Elimu ya Mbwa wa Mawindo

Mtu anapomwona mbwa akirudi na kanga mdomoni, kwa kawaida husifu pua na miguu: alivyonusa, alivyokimbia, alivyopenya vichakani. Mimi naomba msomaji atazame mdomo. Mbwa ana njaa, pengine hajala tangu jana. Mdomoni ana nyama yenye joto. Mwenye mbwa yuko mbali, na hata akipiga kelele hana la kumfanya. Hata hivyo mbwa anarudi, anasimama mbele ya bwana wake, anaachia. Elimu ninayoikaribisha katika kurasa hizi inaanzia kwenye nyama hiyo ambayo mbwa angeweza kuila na hakuila. Kunusa na kukimbia alizaliwa navyo, ila kurudisha ndiko kunakotaka maelezo.

Nimeichagua Kondoa, katikati ya Tanzania, iwe mlango wa kuingilia, ingawa mbwa wake hawana sifa ya pekee. Ni hawa hawa wa kienyeji: mwili mwembamba, manyoya mafupi, mchana wanafuata mbuzi, usiku wanalinda boma, na nasaba yao haijaandikwa popote. Lakini mambo ambayo vitabu huyagawa katika sura zilizo mbalimbali, Kondoa yamekaa jirani. Kuna miamba yenye michoro ya wawindaji wa kale. Kuna Wasandawe, ambao eneo lao leo limo katika Wilaya ya Chemba iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, na ambao upinde na mshale ni sehemu ya historia yao. Kuna Warangi, wengi wao Waislamu, wanaoishi na mbwa chini ya fikihi yenye maneno mengi kuhusu mnyama huyo. Na kuna mapori ya akiba ya Mkungunero na Swagaswaga, ambayo yanamkumbusha kila mtu kwamba mawindo si jambo la mtu na mbwa wake peke yao.

Tuanze na miaka. Katika pango la Kisese II la Kondoa, lililochimbwa na Ray Inskeep mwaka 1956, zimepatikana shanga zilizochongwa kutokana na maganda ya mayai ya mbuni, nazo baadhi zina umri unaozidi miaka 40,000. Kwa hiyo watu wa vilima hivi walijua habari za ndege zamani mno. Mbwa ni mgeni wa jana. Mabaki ya mbwa ya kale zaidi yanayojulikana barani Afrika yametoka Misri, pale Merimde karibu na delta ya Nili, na hayafiki hata miaka 8,000. Kutoka huko hadi nyanda za kati safari ilichukua milenia nyingi. Kwa nini ichelewe hivyo, ilhali mbwa ana miguu na wafugaji wa ng'ombe walikuwa wakisogea kusini? Mwanaakiolojia Peter Mitchell alitoa hoja mwaka 2015 kwamba kizuizi kilikuwa magonjwa, ukiwemo ule unaoenezwa na mbung'o, au ndorobo kama wengine wanavyomwita. Hoja hiyo haina shida kueleweka Kondoa, ambako serikali ya Mwingereza ilifanya utafiti wa mbung'o tangu miaka ya 1920 kwa sababu vichaka vyake vilikuwa vimejaa mdudu huyo. Mbwa anayepelekwa porini kutafuta ndege anapelekwa pale pale penye mbung'o na kupe. Mwanafunzi anayedhani historia ya mbwa wa mawindo ni historia ya ujanja wa wawindaji pekee atakuwa ameacha nusu ya habari, kwa kuwa kila eneo lililofyekwa lilimfungulia mbwa njia.

Nitamwonya msomaji kidogo kuhusu michoro. Mary Leakey aliinakili kwa bidii mwaka 1951, kitabu chake kikatoka mwaka 1983, na tangu mwaka 2006 eneo lote limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Wageni wengi wa fani hii hukimbilia Kolo na Pahi wakitafuta mbwa mwambani. Wapunguze mwendo. Mnyama wa miguu minne aliyeinua mkia, rangi imefifia, nusu yake imefunikwa na mchoro mwingine, anaweza kuwa chochote. Michoro ile inatufundisha mengi kuhusu twiga, tembo na swala, na kuhusu watu waliowatazama kwa makini. Kuigeuza kuwa ushahidi wa mbwa ni kuidai zaidi ya inachotoa. Tena Mungomi wa Kolo ni mahali pa matambiko mpaka leo, kwa hiyo adabu ya mgeni inahitajika hapo kabla ya daftari.

Maandiko yenye manufaa makubwa kwetu yako kwenye rafu ambayo wanasayansi hawaifungui mara kwa mara, nayo ni rafu ya fikihi. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya nne, Qurani inahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofundishwa, kwa sharti kwamba wamekamata kwa ajili ya bwana wao na jina la Mungu limetajwa. Wanazuoni wakajiuliza swali ambalo mwanasaikolojia yeyote angejiuliza: mbwa aliyefundishwa tutamjuaje? Matni ya Abu Shujaa, kitabu kidogo cha madhehebu ya Shafii kinachosomwa sana madrasa za Afrika Mashariki, inajibu kwa masharti manne. Akitumwa, aende. Akizuiwa, azuilike. Akikamata, asile chochote. Na hayo yajirudie mpaka mtu aridhike kwamba si bahati.

Soma tena sharti la mwisho. Mwandishi hakuuliza mbwa ana akili gani, wala moyo wake umeelekea wapi. Aliuliza anafanya nini, na je, anakifanya tena na tena. Karne nyingi baadaye maabara za Marekani zilifikia kipimo hicho hicho na kukiona kipya. Na sharti la tatu ndilo uti wa mgongo wa jambo lote. Kuna hadithi mashuhuri ya Adiy bin Hatim, aliyemuuliza Mtume kuhusu mbwa wa mawindo. Jibu lilikuwa kwamba mbwa akila katika windo, mwindaji asile, kwa kuwa inahofiwa mbwa alijikamatia mwenyewe. Mdomo, basi, unatoa ushahidi wa nia. Najua wapo watakaosema Mwislamu wa Kondoa hamgusi mbwa. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alichoramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini elimu hiyo hiyo ilimpa mbwa mwenye mafunzo cheo ambacho mbwa wa kawaida hana. Kuhusu mbwa anayeokota tu ndege aliyekwisha kuangushwa kwa mshale, masuala yanabadilika, na hapo msomaji atapata faida zaidi kwa sheikh wake kuliko kwangu.

Sasa twende kwenye mafunzo yenyewe. Raymond na Lorna Coppinger, katika kitabu chao cha mwaka 2001 kuhusu mbwa, wanaeleza uwindaji wa mbwa kama mnyororo: kuelekeza macho, kukazia, kunyatia, kukimbiza, kudaka, kuua, kupasua, kula. Mbwa mwitu anaupitia wote. Wafugaji wa Ulaya, kwa kuchagua mzazi baada ya mzazi, waliupunguza hapa na kuurefusha pale. Mbwa wa kuonyesha ndege hugandia kwenye kunyatia, mguu mmoja hewani. Mbwa wa kuokota hudaka kwa nguvu zote lakini hamu yake ya kuua ni ndogo, kwa hiyo ndege anafika mkononi bila kutobolewa. Mbwa wetu wa kienyeji hakuna aliyemchagulia hivyo. Utafiti wa Adam Boyko na wenzake uliochapishwa mwaka 2009, uliochunguza mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, ulionyesha kwamba wengi wa mbwa hawa wana asili yao wenyewe ya Kiafrika, na hawakutokana na mchanganyiko wa mbwa wa Kizungu waliopotea njia. Mnyororo wao uko kamili. Kwa hiyo mwalimu wa mbwa wa Kondoa anafanya kwa mafunzo kile ambacho mwenzake wa Uingereza alikuta kimeshafanywa nusu na uzazi: anaukata mnyororo kati ya kudaka na kuua, kisha mwisho wake anaushikiza kwenye mkono wa mtu.

Namna ya kuushikiza ni jambo ambalo watu wengi hulianza kinyume. Wanamtupia mbwa kitu, wanashangilia akikimbilia, kisha wanaanza kugombana naye kwa kuwa hataki kukitoa. Mwalimu mzoefu huanza na mwisho. Kwanza anamfundisha kijibwa kuachia kitu mkononi kwa kukibadilisha na kitu kitamu zaidi. Kisha anamfundisha kukishika kwa utulivu kabla ya kukiachia. Kisha kutembea nacho hatua chache, halafu kukiokota kilipo, na mwisho kabisa kukitafuta. Kwa njia hii kila hatua mpya inamwelekeza mbwa kwenye hatua anayoijua na kuipenda. Akiwa porini na akachanganyikiwa, anachokikumbuka vizuri kuliko vyote ni kurudi.

Mambo madogo yana uzito hapa. Mafunzo ya mwanzo hufanywa mahali pembamba, kwenye uchochoro kati ya kuta mbili au njia yenye ua wa miiba pande zote, ili mbwa asiwe na pa kukimbilia na mali yake isipokuwa kwako. Ukimfuata, umemfundisha mchezo wa kukimbizana, na mchezo huo ataupenda kuliko wako. Geuka, ondoka, mwache yeye akufuate. Usimpokonye kwa kuvuta, maana kuvuta kunamfundisha kukaza taya, na taya zikishazoea kukaza ndege atafika akiwa kitoweo. Na usimpige kamwe anapofika, hata kama amechelewa, hata kama amepitia kwa jirani. Kwa mbwa, kipigo ni malipo ya jambo la mwisho alilolifanya, na jambo la mwisho alilolifanya ni kurudi kwako. Nimekuta wenye mbwa, watu wazima wenye busara zao, ambao mbwa wao husimama mbali, windo mdomoni, akiwatazama kwa wasiwasi, nao wanamwita mbwa huyo mwizi.

Sheria inayofanya haya yafanye kazi ilielezwa na Edward Thorndike, aliyewafungia paka kwenye visanduku vya mafumbo na kuchapisha matokeo mwaka 1898: tendo linalofuatwa na faraja hujirudia. Ni rahisi, na wanafunzi huipenda kwa urahisi wake. Lakini mwaka 1961 Keller na Marian Breland, wanafunzi wa B. F. Skinner waliokwenda kufundisha wanyama kibiashara, waliandika makala ya kuwaharibia wenzao furaha. Walimfundisha rakuni, mnyama mdogo wa Marekani, kutia sarafu kwenye kisanduku ili apate chakula. Sarafu moja haikuwa na shida kubwa. Walipompa mbili, akaanza kuzisugua pamoja, kuzichovya kisandukuni na kuzitoa, kama anavyofanya na windo lake la majini, na hakutaka kuziachia ingawa kuziachia ndiko kulikomlipa. Asili ilikuwa imerudi na kuifunika elimu. Kila aliyefundisha mbwa kurudisha ndege anaijua hali hiyo. Mbwa aliyekamilika nyumbani kwa kitambaa kilichofungwa manyoya anapewa kwa mara ya kwanza ndege mwenye damu ya moto, na macho yake yanabadilika. Ndiyo maana walimu hupitia ngazi: kitambaa, kitambaa chenye manyoya, ndege aliyepoa, na ndege wa moto baada ya hayo yote.

Hapa naona tofauti nzuri kati yetu na jirani zetu wa Morogoro. Shirika la APOPO, lililopata makao Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 2000, hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Panya husikia mlio mfupi, anapata ndizi. Magawa, aliyezaliwa Morogoro mwaka 2013, aligundua mabomu 71 ya ardhini huko Kambodia na akatunukiwa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, mwaka 2020. Ni kazi ya heshima kubwa, na mwanafunzi wa fani hii aende akaione. Lakini panya hana hamu yoyote na baruti. Anakwaruza ardhi, anaondoka kwenda kuifuata ndizi yake. Mbwa anaombwa jambo gumu zaidi: kukabidhi kitu chenyewe anachokitaka. Kwa maoni yangu, yeyote anayetaka kujua mafunzo yanafika wapi kabla hayajagonga ukuta wa asili ya mnyama, atajifunza zaidi kwa mbwa mmoja mwenye ndege kuliko kwa kundi zima la wanyama wanaonusa vitu wasivyovitamani.

Jirani mwingine ni mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki. Wahadza wa bonde la Eyasi humwita kwa mluzi, Wayao wa Msumbiji kwa sauti nyingine, na Claire Spottiswoode na Brian Wood walionyesha mwaka 2023 kwamba mlembe wa kila eneo anaitikia zaidi mwito wa wenyeji wake. Mtu hakumfunga kamba wala hakumpa jina. Kilichopo ni mgawo: asali kwa mtu, nta kwa ndege. Nauweka mfano huu hapa kwa sababu wengi wa mbwa wa vijijini hawajawahi kufundishwa kwa ngazi nilizozieleza. Mbwa mchanga hufuatana na mbwa mkubwa, anaiga, anakosea, na siku ya windo anapata utumbo na kichwa. Je, anaporudisha ndege ametii, au anasubiri mgawo? Watu wanaoishi naye wana majibu yao, na majibu hayo hayafanani.

Kanga mwenyewe anastahili kusomwa kabla ya mbwa. Hutua mashambani asubuhi na jioni, anafukua mbegu za mtama na karanga, na akitishwa hupenda kukimbia kuliko kuruka. Akifukuzwa na mbwa hupanda mtini na kubaki hapo akipiga makelele, macho yote chini kwa mbwa, na hapo ndipo mwenye manati humpata. Kanga aliyevunjika bawa tu hukimbia na kujichimbia kwenye kichaka cha miiba, na bila mbwa hapatikani. Hivyo mbwa wa nyanda hizi ana kazi mbili zinazopingana: kelele nyingi mwanzoni, utulivu mwishoni. Mbwa wa kuokota wa Ulaya hutakiwa kukaa kimya mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mwongozo wake ukitafsiriwa neno kwa neno utamharibu mbwa wa Kondoa. Kuna pia suala la joto. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na mdomo uliojaa kanga hauhemi vizuri. Mbwa anayemtua ndege njiani saa sita mchana huenda anatafuta pumzi, na anayempa adhabu hajafikiri. Kweleakwelea nao hutegwa Kondoa kwa wingi, kwa vikapu na nyavu, lakini hao hawahitaji mbwa. Mtego haujui kula wala kurudisha, na kwa sababu hiyo hauna nafasi katika elimu hii.

Mwanafunzi ajue pia kwamba mbwa hawalingani. Jeremy Koster na mwenzake, wakifuatilia mbwa wa wawindaji wa Nikaragua, waliripoti mwaka 2012 kwamba uwezo wa kuwinda unatofautiana sana kati ya mbwa na mbwa. Anayempima mbwa mmoja na kuandika kuhusu "mbwa wa Kondoa" ameandika kuhusu mbwa mmoja.

Na sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamweka mbwa pamoja na sumu, mitego na taa katika orodha ya njia zisizoruhusiwa kuwindia bila idhini ya maandishi ya Mkurugenzi wa Wanyamapori. Kanga na kwale ni wanyamapori kama nyati alivyo. Baadhi ya wenzangu huiona sheria hii kama kizuizi cha utafiti. Mimi naona inatusaidia kuchagua swali. Hatuhitaji kuua ndege hata mmoja ili kujua mbwa anarudisha kwa nini. Manyoya ya kanga wa kufugwa, yaliyofungwa kwenye kitambaa, yanatosha kwa sehemu kubwa ya kazi, na shamba la mtama lililokwisha kuvunwa linatosha kuwa uwanja.

Anayetaka kuanza, aanzie hapo, baada ya kupata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na ridhaa ya kijiji, na baada ya kuchanjwa kichaa cha mbwa yeye mwenyewe, kwa kuwa mikono yake itaingia kwenye vinywa vya mbwa wengi. Achukue mbwa ambao wenye nao wanasema wanajua kurudisha. Nusu wapewe chakula papo hapo wanapoachia kitambaa. Nusu wapewe jioni, wakati wa mgawo, kama ilivyo desturi. Aandike kila siku nani amerudi, nani amekwenda kulala na kitambaa chini ya mti, na mwenye mbwa alisema nini alipoona. Safu hiyo ya tatu asiiache wazi hata siku moja.